Picha ya skrini inayobaki nyuma: jibu kwa anayeunda programu ya kuonyesha skrini kwa mbali

SWALI: Mwalimu, naandika programu ndogo kwa Python ili mtu aliye kwenye kompyuta nyingine aone skrini yangu, ambayo ni pikseli 1366 kwa 768. Uzi mmoja (sehemu ya programu inayofanya kazi sambamba na nyingine) unapiga picha ya skrini mara 25 kwa sekunde, unaibana kuwa JPEG (aina ya faili ya picha iliyobanwa) na kuiweka kwenye foleni. Uzi wa pili unaichukua na kuituma kwa TCP, njia ya kutuma data mtandaoni inayohakikisha inafika. Nikiendesha pande zote mbili ndani ya laptopu moja, mambo ni shwari. Nikitumia kompyuta mbili kwa waifai, matatizo ni mawili: kuna picha zinazofika zimeharibika na programu inaanguka, halafu baada ya dakika moja mtazamaji anaona mambo niliyoyafanya karibu nusu dakika iliyopita, huku kumbukumbu ya kompyuta yangu ikizidi kujaa. Wenzangu wananishauri nihamie UDP, njia nyepesi isiyo na hakikisho hilo. Nihamie? Baadaye nataka pia mtazamaji aweze kubofya, na aweze kuniona hata akiwa mbali kupitia intaneti.

JIBU: Usihamie UDP, walau si sasa. Sababu nitaitoa mbele. Maelezo yako yana namba za kutosha kuutambua ugonjwa hata kabla ya kuuona msimbo wako, na ni magonjwa mawili yasiyohusiana. Moja linatibika kwa dakika kumi. La pili limetokana na namna ulivyoifikiria kazi yenyewe.

Tuanze na picha zinazoharibika. TCP haijui picha ni kitu gani. Inachoahidi ni kwamba baiti zitafika kwa mpangilio ule ule zilivyotumwa. Haikuahidi kwamba ulichotuma kwa mkupuo mmoja kitapokelewa kwa mkupuo mmoja. Ni bomba la maji: ukimimina ndoo tatu upande huu, anayekinga upande wa pili haoni ndoo, anaona maji. Nakisia kwamba kwa mtazamaji uliandika kitu kama `recv(200000)`, amri ya kupokea data, ukitumaini picha nzima itaingia. Ndani ya laptopu moja tumaini hilo hutimia mara nyingi, kwa kuwa data haitoki nje ya mashine. Kwenye Linux, kwa mfano, njia hiyo ya ndani hubeba pakiti (vifurushi vya data) za hadi baiti 65,536. Kwenye waifai pakiti moja hubeba baiti 1,500 hivi, basi `recv` inakupa kile tu kilichokwisha kufika: pengine nusu ya picha, pengine picha moja pamoja na kichwa cha inayofuata. Maktaba ya JPEG ikilishwa nusu ya picha, lazima ilalamike.

Dawa ni kutanguliza urefu. Kabla ya kila ujumbe tuma baiti 4 zinazotaja ujumbe huo una baiti ngapi, `struct.pack(">I", urefu)` inatosha. Upande wa pili usome baiti 4 kamili, kisha usome idadi iliyotajwa, isipungue wala isizidi:

```python
def soma_kamili(soketi, idadi):
    data = bytearray()
    while len(data) < idadi:
        kipande = soketi.recv(idadi - len(data))
        if not kipande:
            raise ConnectionError("upande wa pili umekata")
        data += kipande
    return bytes(data)
```

Weka na kikomo. Ukisoma urefu unaozidi, tuseme, megabaiti 20, kata mawasiliano hapo hapo. Baiti 4 zinaweza kutaja hadi 4,294,967,295, na mtu yeyote atakayejiunganisha na programu yako kwa utundu anaweza kukutangazia mzigo wa gigabaiti nne, nawe ukakaa unausubiri.

Hilo limekwisha. Sasa kuchelewa, na hapa tutakaa kidogo.

Tupige hesabu. Skrini yako ina pikseli 1,049,088. Kila pikseli ikichukua baiti 4, picha moja ghafi ni baiti 4,196,352. Ukiibana kuwa JPEG ya ubora wa kati, na skrini ikiwa na madirisha na maandishi ya kawaida, tuseme inashuka hadi kilobaiti 120. Mara 25 kwa sekunde ni megabaiti 3 kila sekunde, sawa na megabiti 24. Sasa chukulia kwamba waifai yako, pamoja na kuta na majirani wanaotumia masafa yale yale, inapitisha nusu ya hiyo: megabaiti 1.5. Kila sekunde unakopa megabaiti 1.5 usizoweza kulipa. Baada ya sekunde 60 umezalisha megabaiti 180, zimepita 90, na 90 zimelala kwenye foleni yako. Picha inayotoka mlangoni wakati huo ni ile uliyoipiga kwenye sekunde ya 30. Nusu dakika! Ndicho hasa ulichoniandikia, na hizo megabaiti 90 ndizo zinazoila kumbukumbu yako. Ukiiacha saa nzima, mtazamaji atakuwa nusu saa nyuma.

Wengi wakifika hapa hupunguza ubora wa JPEG au hushusha idadi ya picha hadi 10 kwa sekunde. Inasaidia, mpaka siku mtu atakapohamia chumba cha pili na mtandao ukashuka tena. Namba utakayoichagua leo ni sahihi kwa mtandao wa leo tu.

Wengine huiwekea foleni kikomo cha picha moja. Hilo ni bora zaidi, kumbukumbu haitajaa tena. Lakini utashangaa kuona kuchelewa bado kupo, kama sekunde sita au saba hivi. Kumetoka wapi? Kuna foleni nyingine usiyoiona. Unapoita `sendall`, amri ya kutuma, data haiendi moja kwa moja hewani. Inaingia kwenye bafa (hifadhi ya muda) ya mfumo endeshi. Kwa mipangilio ya Linux iliyozoeleka kwa miaka mingi, bafa ya kutuma huachwa ikue hadi megabaiti 4, na ya kupokelea upande wa pili hadi 6. Jumla 10. Kwa mwendo wa megabaiti 1.5 kwa sekunde, hizo ni takriban sekunde 6.7 za picha zilizochakaa ambazo huna uwezo tena wa kuzirudisha. Maji yakimwagika hayazoleki, na `sendall` ndiyo kumwaga kwenyewe.

Kwa hiyo tatizo lako si kasi ya mtandao. Umeichukulia skrini kama filamu. Mtu anayetazama filamu anataka kila picha, kwa zamu yake, bila kuruka. Mtu anayetazama skrini yako ukiwa unafanya kazi hana haja na namna ilivyokuwa sekunde mbili zilizopita; anataka ilivyo sasa. Picha ambayo imekwisha kupitwa na wakati haistahili kutumwa, na kama haistahili kutumwa, haikustahili hata kupigwa.

Geuza basi mwelekeo wa kazi. Mwonyeshaji asisukume, mtazamaji aombe. Mtazamaji akishamaliza kuchora picha aliyopokea, atume ujumbe mfupi sana, hata baiti moja, wenye maana ya "nipe". Mwonyeshaji akiupata ndipo apige picha, aibane, aitume, kisha anyamaze mpaka aombwe tena. Foleni ya kwanza inakufa. Ile ya mfumo endeshi haijai, kwa sababu kamwe hakuna zaidi ya picha moja njiani. Na zawadi usiyoitegemea: huhitaji tena kuchagua namba ya picha kwa sekunde. Mtandao ukiwa mwepesi maombi yatakuja haraka. Ukizidiwa yatachelewa, na wewe utapiga picha chache, lakini kila moja ikiwa mpya. Hata kompyuta ya mtazamaji ikiwa nzee na inachukua muda kuchora, mwendo unajirekebisha wenyewe, kwani ombi hutoka baada ya kuchora.

Wazo hili si langu. Ndivyo VNC, programu ya kutazama na kuendesha kompyuta kwa mbali, ilivyojengwa miaka ya 1990 katika maabara ya utafiti ya Olivetti na Oracle huko Cambridge, Uingereza. Itifaki yake, yaani kanuni zake za mawasiliano, iitwayo RFB, ilichapishwa rasmi mwaka 2011 kama RFC 6143, waraka wa kiufundi wa intaneti, na ndani yake mwonyeshaji hatumi badiliko lolote la skrini mpaka mtazamaji aombe. Isome hata kama hutaitekeleza. Ni fupi kuliko unavyodhani, na utaona watu wenye akili walivyoamua mambo unayoyaamua wewe sasa.

Kuomba kuna gharama yake. Ombi linasafiri, jibu linarudi, na wakati huo mtandao uko mtupu. Ndani ya nyumba moja safari hiyo ni millisekunde chache, hutaihisi. Kupitia intaneti safari ya kwenda na kurudi ikiwa millisekunde 200, hutavuka picha 5 kwa sekunde hata mtandao uwe mpana kiasi gani. Hapo ruhusu maombi mawili au matatu yawe njiani kwa pamoja: mtazamaji akianza anatuma mawili, kisha moja kila anapomaliza kuchora. Usizidishe. Kila ombi la ziada ni picha moja zaidi inayoweza kuchakaa njiani, na ukifika maombi ishirini umeirudisha foleni yako kwa mlango wa nyuma.

Na uzime kanuni ya Nagle kwenye soketi (ncha za mawasiliano) za pande zote mbili kwa `TCP_NODELAY`. Kanuni hiyo, ya John Nagle ya mwaka 1984, huzuia ujumbe mdogo usitoke mpaka ule uliotangulia uthibitishwe kupokelewa, ili mtandao usijae pakiti ndogondogo. Ni ya busara kwa kazi nyingine. Kwako wewe, ikikutana na tabia ya upande wa pili ya kuchelewesha uthibitisho, ombi lako la baiti moja linaweza kukaa makumi ya millisekunde, hata 200, bila sababu yoyote.

Kabla hujagusa msimbo, pima. Fungua saa inayoonyesha millisekunde kwenye skrini ya mwonyeshaji, weka kompyuta mbili ubavu kwa ubavu, zipige picha kwa simu kwa pamoja, kisha toa saa moja kwenye nyingine. Hicho ndicho kipimo halisi, kuanzia pikseli hadi pikseli. Nimeona watu wakijisifia mwendo wa picha 60 kwa sekunde huku saa zao zikipishana kwa sekunde tatu.

Sasa tupunguze mzigo. Ukitazama skrini ya mtu anayeandika, karibu yote imetulia. Kinachobadilika ni herufi moja na mshale wake unaopepesa. Kutuma skrini nzima kwa ajili ya herufi moja ni kuhamisha nyumba ili kubadilisha balbu. Ikate skrini katika vigae vya pikseli 64 kwa 64. Kwako itatoa safu 22 kwa mistari 12, jumla vigae 264 (vya ukingo wa kulia vitakuwa na upana wa pikseli 22 tu, usivisahau, watu wengi huangukia hapo). Linganisha kila kigae na cha zamani, tuma vilivyobadilika pekee, kila kimoja kikitanguliwa na nafasi yake. Usilinganishe pikseli moja moja kwa kitanzi cha Python. Pikseli milioni moja kwa njia hiyo zitakukausha. Mwachie numpy, maktaba ya Python ya kukokotoa namba nyingi kwa mara moja:

```python
def vilivyobadilika(mpya, iliyotumwa, upande=64):
    urefu, upana = mpya.shape[:2]
    for y in range(0, urefu, upande):
        for x in range(0, upana, upande):
            a = mpya[y:y+upande, x:x+upande]
            b = iliyotumwa[y:y+upande, x:x+upande]
            if not np.array_equal(a, b):
                yield x, y, a
```

Angalia jina la kigezo cha pili. Unalinganisha na picha uliyoituma mara ya mwisho, si uliyoipiga mara ya mwisho. Ikitokea programu yako ikapiga picha tatu kabla ombi halijafika, na kila mara ukalinganisha na ile ya kabla yake, badiliko lililotokea kati ya ya kwanza na ya pili litapotea moja kwa moja, na mtazamaji atabaki na kipande cha dirisha ulilokwisha kulifunga. Hitilafu hii haijionyeshi wakati wa majaribio. Hujitokeza siku mtandao umekuwa mzito, na ukiitafuta haionekani. Mimi ilinila wikiendi nzima.

Ombi likifika na hakuna kigae kilichobadilika, usijibu kwa ujumbe mtupu. Lishike ombi, pumzika millisekunde 20, piga tena, linganisha, mpaka kitu kitikisike. Skrini iliyotulia haitatumia mtandao kabisa. Kwa mtazamaji, vichore vigae vyote vya jibu moja kwenye picha ya pembeni kwanza, kisha ionyeshe kwa mara moja; la sivyo dirisha litaonekana likijijenga kipande kipande.

Tahadhari moja ya majaribio: sasa hutaweza tena kujaribu pande zote mbili kwenye skrini moja. Dirisha la mtazamaji lenyewe limo ndani ya skrini inayopigwa picha, kwa hiyo kila akichora anaibadilisha skrini, badiliko hilo linatumwa, anachora tena. Ni vioo viwili vilivyotazamana. Nilipoiona mara ya kwanza nilidhani ulinganishaji wangu umeharibika.

Kubana nako kuna uamuzi. JPEG iliundwa kwa ajili ya picha za kamera. Hugawa picha katika miraba ya pikseli 8 kwa 8 na kutupa mabadiliko ya ghafla ambayo jicho halitatambua kwamba yameondolewa kwenye uso wa mtu au mawingu. Herufi ni mabadiliko ya ghafla matupu, ndiyo maana maandishi ya JPEG huzungukwa na vumbi, na maandishi mekundu huwa mabaya zaidi kwa kuwa rangi hupunguzwa undani kuliko mwanga. Kwa kigae chenye rangi chache tumia zlib, maktaba ya kubana data, kwa kiwango cha 1. Haipotezi kitu, na kigae cheupe kitupu chenye baiti 16,384 hushuka hadi makumi machache ya baiti. Kigae chenye rangi nyingi, yaani picha, kipe JPEG. Kuhesabu rangi za kigae kimoja ni kazi rahisi, na kigezo cha rangi 64 au zaidi ni mahali pazuri pa kuanzia. Utakisogeza kwa macho yako mwenyewe.

Kuna kazi moja ambayo vigae haviwezi: video. Ukicheza video skrini nzima, vigae vyote 264 vinabadilika kila mara na umerudi ulikotoka. Hapo ndipo H.264 na ndugu zake, mbinu za kubana video, wanapoingia, kwa kuwa wao hufuatilia vitu vinavyosogea kutoka picha hadi picha, na kadi za michoro za leo zina sehemu maalumu ya kazi hiyo. Lakini usijiandikie mwenyewe. Tumia FFmpeg au WebRTC, zana zilizo tayari za kubana au kutuma video. Kama lengo lako ni kumfundisha mtu au kumsaidia kurekebisha kompyuta, huenda usifike huko kamwe.

UDP sasa. Picha yako ya kilobaiti 120 ikigawanywa kwenye pakiti zenye baiti 1,472 za data inakuwa pakiti 82. UDP haikuahidi kwamba pakiti itafika. Ikipotea moja katika kila mia, na upotevu ukiwa wa kubahatisha, uwezekano wa zote 82 kufika ni asilimia 44 tu. Yaani zaidi ya nusu ya picha zako zitafika na tundu, nawe utalazimika kuandika mfumo wa kuomba tena zilizopotea, kuzipanga, na kupunguza mwendo mtandao unaposongamana. Ukimaliza utakuwa umeandika TCP ya pili, mbovu kuliko ya kwanza. Wanaotumia UDP kwa kazi hii, WebRTC wakiwemo, wana video iliyobanwa kwa namna inayovumilia mapengo, na miaka ya kazi ya watu wengi nyuma yao. Wenzako wamesikia kwamba michezo ya kompyuta hutumia UDP, na ni kweli, ila mchezo hutuma nafasi ya mchezaji kwa baiti chache, hautumi picha.

Kuhusu kupiga picha yenyewe nitapita upesi, kwani mambo hutofautiana na mfumo. Kwenye Windows, tangu Windows 8, kuna njia ambayo mfumo wenyewe hukuambia sehemu zipi zimebadilika na zipi zimesogezwa, hivyo unaweza kuachana na kulinganisha vigae. Kwenye macOS, tangu toleo 10.15 la mwaka 2019, mwenye kompyuta lazima airuhusu programu kwenye mipangilio. Asiporuhusu utaona mandhari ya nyuma bila madirisha ya programu nyingine. Kwenye Linux inayotumia Wayland, mfumo wa kuonyesha madirisha, programu haina ruhusa ya kuisoma skrini kwa siri. Inaomba kupitia lango la mfumo, mtumiaji anakubali, picha zinakuja kwa PipeWire, huduma ya kupitisha picha na sauti. Ukipata skrini nyeusi tii, usianze kwa kukagua msimbo wa mtandao. Kagua ruhusa.

Kielekezi cha kipanya aghalabu hakimo kwenye picha unayopiga. Wengi huona hiyo ni kero. Mimi naona ni bahati. Tuma nafasi yake kama ujumbe wa pekee na umwache mtazamaji akichore juu ya picha. Utakipata kikienda laini hata picha zikisuasua. Desemba 9, 1968, Douglas Engelbart alipowaonyesha wataalamu jijini San Francisco kazi ya pamoja kwenye skrini moja na mwenzake aliyekuwa Menlo Park, kila mmoja alikuwa na kielekezi chake. Kutenganisha kielekezi na picha ni wazo la zamani kuliko karibu kila kitu kingine tunachokizungumzia hapa.

Siku utakapoongeza kubofya, mambo mawili yatakusumbua. La kwanza ni vipimo. Windows ikiwekwa ukubwa wa asilimia 125, skrini ya 1920 kwa 1080 huiambia programu isiyojitangaza kwamba ni 1536 kwa 864, na mtazamaji akibofya kitufe, kinabofywa kilicho juu yake. Itangaze programu yako kuwa inaelewa ukuzaji huo, kisha tuma nafasi kwa pikseli halisi za mwonyeshaji. La pili ni vitufe vinavyonasa. Mtazamaji akiwa ameshikilia Ctrl na mtandao ukakatika, habari ya kuachia haifiki, na mwonyeshaji atashangaa kila herufi anayoandika inafungua au kufunga kitu. Weka orodha ya vitufe vilivyo chini, na mawasiliano yakikatika viachie vyote.

Sasa intaneti. Kwenye mtandao mmoja unahitaji tu mwonyeshaji asikilize kwenye `0.0.0.0` (anwani zote za kompyuta yake) badala ya `127.0.0.1` (ndani ya kompyuta hiyo tu), na faiawoli, kinga ya mtandao, iruhusu poti yako, yaani mlango wa programu. Ukikataliwa papo hapo, basi hakuna anayesikiliza. Ukingoja tu bila jibu, shuku faiawoli. Nje ya mtandao huo, anwani inayoanza na 192.168 haina maana kwa mtu wa mbali. Inajulikana ndani ya ruta yako tu. Kufungua poti kwenye ruta husaidia baadhi ya watu, lakini kampuni nyingi za mtandao, hasa za simu, huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje, na poti unayoifungua kwako haifiki popote. Njia inayofanya kazi kwa wote ni seva ya kati yenye anwani ya wazi: pande zote mbili zinapiga simu kwenda nje, na seva inapitisha baiti kutoka huku kwenda kule. Kama tayari una seva unayoingia kwa SSH (njia salama ya kuingia kompyuta ya mbali), `ssh -R` itakufanyia hivyo bila kuandika mstari mmoja wa ziada. Kumbuka tu kwamba safari inarefuka, na hapo ndipo yale maombi mawili kwa pamoja yatakapoonyesha faida.

Usilifanye hilo bila kusimba, yaani kuificha data isisomwe na asiyehusika. Kwa TCP tupu, yeyote aliye njiani anaona skrini yako na kila herufi mtazamaji anayoandika, nywila zikiwemo. Python ina maktaba ya `ssl`. Ivike soketi yako TLS, usimbaji wa kawaida wa intaneti, au pita ndani ya SSH. Usijitungie fumbo lako. Hata VNC ya awali ilikosea hapa: uthibitisho wake wa DES, mbinu ya zamani ya kusimba, hutumia herufi 8 za kwanza tu za nywila, na baada ya mlango kufunguliwa mazungumzo yote huenda wazi.

Mwisho, mwenye skrini inayoonyeshwa lazima ajue kwamba inaonyeshwa. Matapeli wanaopiga simu wakijifanya mafundi wa kompyuta hutegemea programu za aina hii hii, na mwathirika ndiye anayewafungulia. Toa namba ya kuingilia inayobadilika kila kikao, muulize mwonyeshaji kabla ya kila mtazamaji mpya, na muulize tena kando kabla ya kuruhusu kubofya. Weka mstari mwekundu ukingoni mwa skrini muda wote wa kikao, pamoja na kitufe cha kukata. Kitufe hicho kiwe kwenye uzi wake, mbali na ule wa mtandao, kisisubiri `sendall` imalize ndipo kisikie kwamba kimebonyezwa.